Fungu la Vikopo la Bwana Yen

Kouhu, 10 Machi 2002

Shangazi Pi-hsia,

Shikamoo. Ni mimi Wan-ju, binti wa kaka yako, niko darasa la pili la sekondari. Mara ya mwisho tulipoonana nilikuwa sina meno ya mbele, kwa hiyo huenda hunikumbuki vizuri. Sisi sote ni wazima, isipokuwa Mama anayesumbuliwa na kiwiko tangu msimu wa kufungua chaza. Picha ya Bibi ipo mezani pa wahenga, na matunda yake hayajawahi kunyauka.

Mwalimu Fang ametuagiza kila mmoja amwandikie jamaa aliye mbali, kwa mkono, mwaka mzima. Wenzangu wengi wamechagua binamu zao wa Taipei. Mimi nimekuchagua wewe. Baba sijamwambia. Nilimwambia Mama, naye akasema, "Andika. Posta haina masikio."

Kisanduku ulichotutumia Mwaka Mpya kilifika salama. Baba alikiacha chini ya ngazi siku tisa bila kukigusa. Siku ya kumi alikitoa, akakifuta kwa shati lake mwenyewe, akakifunga kwenye nguzo kando ya bwawa. Sasa kile kijiti chake kinapima hewa iliyo ndani ya maji, na hewa ikipungua kinawasha magurudumu ya kupigia maji. Ikizidi kupungua, kengele inalia hadi nyumbani. Unajua kwamba kwa miaka miwili Baba alikuwa analala kibandani pale bwawani, akiamka kila baada ya saa mbili kuwatazama samaki. Sasa analala ndani. Mama anasema alikuwa amesahau kwamba mumewe anakoroma.

Mikizi wetu wako mwaka wa tatu. Majike wameanza kujaa tumbo, na tukifika majira ya baridi salama tutavuna mayai yao, ambayo huanikwa na kuuzwa kwa bei kubwa. Miaka mitatu yote ya nyumba yetu imo ndani ya maji yale. Hatuna bwawa jingine.

Juzi Mzee Kuo, jirani yetu, alisimama mbele ya nguzo akakodoa macho.

"Hii nini, Ah-fa? Redio ya samaki?"

"Inaangalia hewa."

"Imetoka wapi?"

"Kwa mtu wa Taoyuan."

"Mtu gani?"

"Mtu."

Mzee Kuo anajua ni mtu gani, na kijiji kizima kinajua. Hata mimi najua kwa nini Baba hataji jina lako. Siku ya mazishi ya Bibi hukuja, akaja bwana mmoja mwenye koti la kijivu, akapiga magoti mahali pa binti. Nilimsikia Baba akimwambia Mama, "Dada yangu amemtuma muuza vipuri aje alie badala yake." Samahani kama nimekosea kuliandika hili. Mwalimu anasema barua isiyosema kitu ni bahasha tu.

Ni mimi,
Wan-ju

*

Taoyuan, 2 Aprili 2002

Mwanangu Wan-ju,

Marahaba. Nakukumbuka vizuri sana, pamoja na hayo meno uliyokuwa huna; ulikuwa unabana mbegu za tikiti kwenye lile pengo na kututemea. Mpe mama yako pole. Achome chumvi, aifunge kitambaani, akikande kiwiko ingali na moto. Siku ya kufagia makaburi ni Ijumaa hii na sitaweza kuja. Nifagilie upande wa kushoto wa kaburi la Bibi, ule wenye magugu magumu, wala usiseme ni kwa niaba ya nani.

Hiyo sentensi ya shati niliisoma nikiwa nimesimama ghalani. Msichana wa mapokezi akaniuliza kama nimeshikwa na mafua.

Kwa kuwa mwalimu wako anataka barua zenye kitu ndani, nikueleze kazi yangu. Karakana yetu inalehemu vipuri kwenye bodi za saketi, nami ndiye ninayevinunua. Bodi ya kisanduku chenu ina vipuri sitini na vitatu. Kikikosekana kimoja kidogo kama punje ya mchele, sitini na viwili vinakaa vikitazamana. Watu hudhani kununua ni kutafuta bei. Mzee aliyenifundisha aliniambia niulize namba ya fungu, yaani ya vipuri vilivyotengenezwa pamoja, kabla ya kuuliza bei, nimjue aliyeniuzia na aliyemuuzia yeye, mpaka nifike mlangoni mwa kiwanda. Alinikataza kuchanganya mafungu mawili. Alinikataza kufungua mfuko uliozibwa kabla ya siku ya kulehemu, kwa sababu unyevu ukiingia kipuri hupasuka motoni. Na kipuri mbadala, alisema, hata kikifanana na kile cha zamani kama pacha, kwanza kikae kwenye tanuri la majaribio siku arobaini, umeme ukipita, ndipo useme unakijua.

Kwenye kila mashine tumeweka pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, ambavyo jina lake lina maana ya utiifu, ili mashine iwe tiifu. Mwezi uliopita pakiti moja ilipitwa na tarehe bila mtu kuona, na mashine ikasimama asubuhi nzima. Usicheke. Wahandisi wenye shahada ndio wanaokagua hizo tarehe.

Tangu mwaka jana vile vikopo vya kutunza umeme, ambavyo huitwa kapasita, vimekuwa adimu. Kiwanda tulichokizoea kinatuambia tusubiri miezi mitano, na Bwana Lai mwenye karakana hawezi kusubiri hata chai ipoe. Bahati nzuri Bwana Yen alitupatia vingine. Ndiye yule mwenye koti la kijivu. Msimchukie. Siku ile meli ilikuwa inaondoka na shehena yetu, na mimi nilikuwa na chaguo moja tu, au nilidhani hivyo. Yeye aliendesha gari kwa muda wa saa tatu akaenda kumpigia magoti mama wa mtu mwingine. Hakuniomba chochote.

Shangazi yako

*

Kouhu, 12 Mei 2002

Shangazi,

Shikamoo. Huku hatujambo, na kiwiko cha Mama kimepata nafuu kwa chumvi yako, ingawa alimwambia Baba kwamba dawa ameipata kwa mganga wa sokoni. Upande wa kushoto nimeufagia mpaka udongo ukaonekana. Baba aliniona akasema, "Huo upande si wetu, una mwenyewe." Kisha akanipa jembe.

Barua yako niliisoma darasani, Mwalimu Fang akasema wewe ni mtu makini. Nilifurahi.

Mzee Kuo amenunua kisanduku kama chetu, na wengine wanne pia. Baba ndiye anayewashawishi, ingawa hataki ionekane hivyo. Jumapili nilimsikia:

"Kina kengele mbili," alisema Baba.

"Na mke wangu ana moja tu, lakini hainyamazi," alisema Mzee Kuo. "Ninunue nini zaidi?"

"Mke wako akilala, samaki wanakufa. Hiki hakilali."

"Na huyo mtu wa Taoyuan, ni mtu wa kuaminika?"

Baba aliosha mikono polepole sana, halafu akasema, "Kwa vitu vya umeme, ndiyo."

Nina swali moja kwa ajili ya insha yangu. Vile vikopo vya Bwana Yen, vilipotoka tanurini baada ya siku arobaini, mlijuaje kwamba ni vizuri? Kuna alama?

Wako mtiifu,
Wan-ju

*

Taoyuan, 24 Juni 2002

Wan-ju mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, kazi zilinizidi. Natumaini siku ya mashindano ya mashua mlikula wali uliofungwa kwa majani ya mianzi mkashiba. Mimi nilinunua dukani; ulikuwa na karanga chache na mafuta mengi.

Nina ombi, na naomba libaki kati yetu wawili. Mchana, Baba akiwa sokoni, chomoa waya wa kisanduku kwenye umeme, usubiri muda wa kula bakuli la uji, kisha ufungue mfuniko. Kuna skrubu nne. Ndani utaona vikopo vitatu vyeusi vimesimama pamoja, kila kimoja kama ncha ya kidole chako kidogo. Weka rula juu ya kila kikopo. Uniambie kama rula inatulia au inabembea. Usiguse kitu kingine. Funga, rudisha waya, na uhakikishe ile taa ya kijani inawaka.

Ni kwa kumbukumbu zetu za ofisini tu.

Kuhusu insha yako, andika juu ya ile pakiti ya kijani. Itawachekesha wenzako.

Shangazi yako

*

Kouhu, 3 Julai 2002

Shangazi,

Shikamoo. Sote ni wazima na joto ni kali. Nimefanya kama ulivyoagiza, na uji nimeula kweli ili muda uwe sahihi. Kikopo cha kushoto na cha katikati rula inatulia. Cha kulia rula inabembea kidogo, kama ubao wa bembea wenye mtoto mmoja. Nimekuchorea hapa chini. Nimekadiria kimo cha kivimbe kuwa unene wa karatasi tatu za daftari.

Hukujibu swali langu la tanuri. Labda lilikuwa swali la kitoto.

Habari ya nyumbani ni kwamba Baba amekivunja kibanda cha bwawani. Mbao zake ametengenezea kichanja cha kuanikia mayai ya mikizi, kwa ajili ya majira ya baridi. Mama alimwambia, "Subiri tuvune kwanza, ndipo uvunje." Baba akajibu, "Kibanda ni cha mtu asiye na kisanduku." Alicheka aliposema hivyo. Sijamsikia Baba akicheka tangu Bibi afariki. Ndiyo maana sikumwambia habari ya kikopo cha kulia, na kwa sababu uliniomba.

Je, kuvimba ni kawaida?

Wan-ju

*

Kouhu, 28 Julai 2002

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu lako, labda barua yangu ilipotea. Nilipima tena jana. Kikopo cha kulia kimefika karatasi tano. Cha katikati kimeanza.

Kisanduku cha Mzee Kuo kilizimika Jumanne saa sita mchana. Alikipiga kofi kikawaka tena. Alikuja kutuambia, "Kama bibi harusi wa zamani, kinataka kuambiwa mara mbili." Wote walicheka. Baba alisema labda waya wake umelegea.

Sisi ni wazima.

Wan-ju

*

Taoyuan, 15 Agosti 2002

Mwanangu,

Marahaba. Barua zako zote mbili nimezipata. Nisamehe. Mwezi huu wa saba wa kalenda ya kale, mizimu ikiwa njiani, hata kalamu ni nzito.

Mwambie baba yako hivi, na safari hii taja jina langu. Mwambie nimemwota Mama. Alikuwa amesimama bwawani, maji yakimfika magotini, miguu mitupu, ananiita niamke. Nimemwota mara tatu. Mwambie nadhani anataka kile kibanda kijengwe upya, na kaka yangu arudi kulala karibu na maji mpaka siku ya kuvuna. Anamjua Mama. Hakuwa mtu wa kusumbua watu bure.

Usiseme zaidi ya hayo. Habari za vikopo ni za watu wa ofisini, na Bwana Lai hapendi zitoke nje kabla hazijakamilika.

Kula vizuri. Usiogelee mwezi huu.

Shangazi yako

*

Kouhu, 24 Agosti 2002

Shangazi,

Shikamoo. Nilimwambia Baba wakati wa chakula cha jioni. Nilipotaja jina lako aliweka bakuli chini, lakini hakuondoka. Nilipofika kwenye miguu mitupu alifumba macho.

"Mara tatu?" aliniuliza.

"Ndiyo, mara tatu."

"Na wewe umejuaje?"

"Ameniandikia."

Hakugomba. Asubuhi yake alivaa shati jeupe tukaenda wote hekaluni, kwa sababu Baba anasema ndoto ya mtu mwingine haifasiriwi mezani. Alichoma udi, akapiga magoti, akashika vile vibao viwili vya umbo la mwezi, akauliza kwa sauti: Mama, je, bwawa liko salama? Akavirusha. Kimoja kikalala kifudifudi na kingine chali, maana yake ndiyo. Akarudia. Ndiyo. Akarudia tena. Ndiyo.

Basi akauliza, Mama, unasikia baridi miguuni? Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Tulinunua viatu vya karatasi, jozi tano, na koti, tukamchomea ili vimfikie huko aliko. Baba alikuwa na machozi. Njiani alisema, "Shangazi yako bado anamsikia Mama. Mimi sikuwahi kumwota hata mara moja." Kisha akasema hakuna haja ya kibanda, kwa kuwa limeulizwa na limejibiwa mara tatu.

Sina sababu ya kusema vibao vilikosea. Huenda siku ile bwawa lilikuwa salama kweli. Ila aliulizwa Bibi, Shangazi, na Bibi hakuwahi kuona ndani ya kisanduku.

Cha kulia, karatasi tisa. Juu yake pametoka kitu cha rangi ya kutu, kama chai iliyokauka.

Wan-ju

*

Kouhu, 16 Septemba 2002

Shangazi,

Shikamoo. Leo salamu zangu ni fupi.

Bwawa la Mzee Kuo limekufa Jumamosi. Alikuwa kwenye arusi ya mpwa wake huko Peikang pamoja na familia yote. Mvua ilinyesha kidogo asubuhi, kisha jua likatoka na upepo ukakatika. Magurudumu hayakuzunguka. Kengele haikulia. Mpita njia mmoja ndiye aliyeona maji yamekuwa meupe, akadhani ni povu. Walikuwa samaki, matumbo juu, toka ukingo hadi ukingo. Mayai yalikuwa tayari yameanza ndani yao.

Sisi sote tulikwenda kusaidia kuwatoa. Mzee Kuo alikuwa bado na ua jekundu la arusi kifuani. Alisema neno moja tu, tena na tena: "Nilizima swichi. Lazima nilizima swichi nilipokuwa natoka." Mke wake alimwambia, "Hukuzima, nilikuona." Akajibu, "Nyamaza, nilizima." Nadhani alitaka pawe na sababu.

Baba aliporudi alikaa mbele ya kisanduku chetu muda mrefu. Alisema Kuo amekuwa mzembe tangu zamani. Halafu akasema, "Chetu kimetoka mkononi mwa dada yangu mwenyewe." Ni mara ya kwanza kulisikia neno hilo, dada yangu, katika miaka miwili. Ningefurahi sana kulisikia siku nyingine yoyote.

Shangazi, je, ni vile vikopo? Niliuliza mwezi wa tano kama vilikaa tanurini siku arobaini. Nauliza tena, na sasa siyo kwa ajili ya insha.

Wan-ju

*

Taoyuan, 19 Septemba 2002
(kwa posta ya haraka)

Wan-ju,

Ni vile vikopo.

Havikukaa tanurini hata siku moja. Bwana Yen alikuja Desemba na katoni mbili. Jina lililoandikwa ubavuni sikulijua. Nilipouliza namba ya fungu alinimiminia chai. Nilipouliza tena alisema, "Dada Ting, tumefahamiana miaka kumi na moja. Mama yako nilimwinamia." Aliyasema kwa upole, hakuwa ananitisha. Nadhani hata yeye hakujua kilichokuwa ndani. Lakini baada ya maneno hayo ningempelekaje mtu yule tanurini? Kuvipima vikopo vyake kungekuwa kumpima yeye, na magoti yake, na siku ile. Nikatia saini. Miaka yote nimewakataza wengine kununua kwa kuona haya, na mimi nikanunua kwa kuona haya.

Siku ya kwanza vinapita kila kipimo. Hata mwezi wa kwanza vinapita, ndiyo ubaya wake. Maji yaliyomo ndani yake ni mabovu, na kadiri joto linavyopanda yanatoa hewa, kikopo kinavimba, na siku moja bodi inanyamaza tu bila kuaga. Mwezi wa tano uliponiuliza habari ya tanuri nilikwenda nikaviweka, kwa aibu. Siku ya ishirini na tatu vilipasuka. Ndipo nikakuandikia habari ya rula.

Nilimwambia Bwana Lai. Akasema, "Atakayelalamika tutambadilishia, mmoja mmoja, kimya kimya. Tukitangaza, Jumatatu hatufungui mlango." Tuko watu kumi na tisa hapa. Nilinyamaza. Halafu nikamtumia kaka yangu ndoto, kwa sababu ndoto haina namba ya fungu. Sikumwota Mama, Wan-ju. Ningependa kumwota. Na viatu mlimchomea kwa uongo wangu.

Msomee baba yako barua hii yote, usiruke kitu. Mwambie akitoe kisanduku leo, magurudumu ayaunge moja kwa moja kwenye umeme, wala asilale mbali na maji.

Visanduku vilivyofika pwani yenu ni ishirini na vitatu, pamoja na chenu na cha Kuo. Majina na vijiji ni haya kwenye karatasi ya pili. Sijui kwa nini nimeyaandika. Siwezi kukuambia uyafanyie nini.

Pi-hsia

*

Kouhu, 22 Septemba 2002

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilifika jana mchana, sikukuu ya mwezi, tukiwa tunamenya balungi. Niliisoma yote kwa sauti mbele ya Baba na Mama. Sikuruka kitu.

Baba alisema, "Soma tena pale kwenye siku ya ishirini na tatu." Nikasoma. Akatoka. Tulimsikia akifungua skrubu. Alirudi na kisanduku mkononi, akakiweka mezani katikati ya maganda ya balungi, akafungua mfuniko. Vyote vitatu vilikuwa vimevimba, na cha kulia kilikuwa kimepasuka. Taa ya kijani, Mama anasema, ilikuwa inawaka hadi alipochomoa waya.

"Kwa hiyo yule bwana alimwinamia mama yangu," alisema Baba, "na aliyelipa ni Kuo."

"Nenda ukamwambie," alisema Mama.

"Nimwambie nini? Kwamba mimi ndiye niliyemshawishi? Kwamba dada yangu alijua tangu mwezi wa sita?"

"Mwambie hivyo hivyo."

"Na hao wengine ishirini na mmoja? Wakienda na mabango karakanani kwake, atakula wapi?"

"Na wao watakula wapi, Ah-fa?"

Baba akatoka kwenda bwawani. Ameunganisha magurudumu moja kwa moja, yanazunguka tangu jana bila kupumzika. Ametandika turubai juu ya mianzi pale kibanda kilipokuwa. Samaki wetu wangali hai, niliwaona wakiruka. Kabla ya kutoka na mkeka wake aliniuliza, bila kunitazama, "Huko Taoyuan anakula vizuri? Amekonda?" Nilimwambia hujaandika. Tafadhali utuandikie.

Halafu alisema habari hii isitoke nje ya mlango, kwamba kila mtu aangalie bwawa lake.

Nimewaza sana juu ya hilo, Shangazi. Mimi ni mtoto na Baba hajawahi kunionea. Lakini wewe ulinyamaza kwa ajili ya watu kumi na tisa, na Baba ananyamaza kwa ajili yako, na nadhani Bwana Yen naye ana mtu anayemnyamazia. Hakuna hata mmoja wenu aliye mbaya. Nimetafuta mtu mbaya katika barua zote na sikumpata, ila samaki wamekufa vilevile.

Kwa hiyo jana tangu alasiri nimenakili. Sikunakili barua yako nzima, nusu ukurasa tu: kisanduku cha namna gani, vikopo vitatu, rula, chomoa, unga magurudumu kwenye umeme, usilale mbali. Nimeandika mara ishirini na mbili kwa mwandiko wangu mzuri. Chini nimeweka jina lako na jina langu. Nilifikiri kuliacha jina lako, lakini karatasi isiyo na jina watu hufungia karanga. Najua maana yake kwako. Sikuomba ruhusa, na Baba pia sikumwomba. Mama ameniona, akaenda kuijaza upepo baiskeli yangu.

Leo ni Jumapili. Anga ni safi, joto limeanza mapema, na hakuna upepo hata wa kutikisa mwanzi. Ni siku kama ile ya arusi. Vijiji vya mbali nitavifikia baada ya saa sita. Ningeweza kuanza na walio hatarini, na pengine ingekuwa sawa zaidi, lakini nyumba ya Mzee Kuo iko njiani na sitachukua muda. Naanza naye. Bwawa lake halina tena cha kuokoa, ila bado anawaambia watu kwamba alizima swichi.

Mwanao,
Ting Wan-ju